Maswali ya Wasomaji: Dari ya Nyota ya Grand Central na Anga Lililogeuka

Tangu tuchapishe picha ya dari ya Grand Central Terminal, kituo cha treni cha New York, barua hazijakoma. Kwa asiyeiona picha ile: ni kuba refu la rangi ya bluu inayoelekea kijani, juu ya ukumbi mkuu wa abiria wenye urefu wa mita 84 hivi, upana wa mita 37 na kimo cha mita 38. Kuba zima limechorwa buruji, yaani makundi ya nyota, na nyota za dhahabu. Tumechagua barua tano.

Nyota zimechorwa kinyume?

*Ndugu Mhariri, hamjambo huko? Mimi hupita chini ya dari hiyo kila siku nikienda kazini. Mwenzangu kazini anasema nyota zote zimechorwa kinyume, mwingine anasema ilikusudiwa hivyo. Nani mkweli? — Mwanaidi, Bronx, New York*

Dada Mwanaidi, mwenzako wa kwanza amekaribia. Karibu zote ziko kinyume, lakini si zote, na hapo ndipo kesi nzima inapoamuliwa.

Kituo kilifunguliwa tarehe 2 Februari 1913. Mwezi uliofuata abiria mmoja kutoka New Rochelle, mtu aliyezoea kutazama anga, akagundua kwamba mashariki imekaa magharibi na magharibi mashariki. Habari ikaingia magazetini, na kampuni ya reli ikaanza kutafuta la kusema.

Chimbuko lake ni karatasi. Mafundi walipewa mchoro wa anga na Harold Jacoby, profesa wa elimu ya nyota wa Chuo Kikuu cha Columbia. Sasa fikiria ramani mbili. Ramani ya nchi tunaitazama iliyo chini yetu: kaskazini ikiwa juu, mashariki iko kulia. Ramani ya anga hutazamwa ikiwa juu ya kichwa, kwa hiyo kaskazini ikiwa juu, mashariki iko kushoto. Mchoro wa namna hii ukiulaza sakafuni, uso juu, kisha ukapandisha kila nukta wima hadi darini, aliye chini ataona anga kama mtu anayesoma barua kwa mgongo wa karatasi. Hayo ndiyo maelezo yenye nguvu zaidi: mchoro uliotengenezwa kushikwa juu ya kichwa ulitazamwa miguuni.

Utetezi uliotolewa ni kwamba dari inaonyesha anga kama Mungu anavyoliona kutoka nje, jinsi wachoraji wa zamani wa Ulaya walivyofanya. Ni utetezi mzuri wa kusimulia, ila Jabari anaukataa. Huyu ndiye yule mwindaji mwenye nyota tatu za mkanda, ambaye Wazungu humwita Orion. Lau anga lote lingetazamwa kutoka nje, naye angegeuka. Lakini pale darini Jabari yuko sawasawa, kama tunavyomwona sisi wa duniani, ilhali majirani zake Ng'ombe na Mapacha wamegeuzwa. Matokeo yake, Ng'ombe amekaa karibu na mkono wa Jabari ulioinuliwa, mahali ambapo ni pa Mapacha. Anayechora kwa makusudi hageuzi anga lote akamsahau mtu mmoja katikati.

Ukija likizo nyumbani, jaribu mwenyewe. Mwishoni mwa Januari, kama saa tatu na dakika ishirini usiku, Jabari huwa karibu utosini kwa aliye Dar es Salaam. Tandika mkeka, lala chali, kichwa kaskazini na miguu kusini. Mashariki itakuwa kushoto kwako. Fuata nyota tatu za mkanda kuelekea kulia na juu, utafika kwenye Dabarani, ile nyota nyekundu ya Ng'ombe, na ukizidi kwenda utakikuta Kilimia. Fuata mkanda uleule upande wa pili, kushoto na chini, utaiona Shira, inayong'aa kuliko zote. Mapacha wako kushoto juu. Pale kituoni jaribio hili linavunjika mara moja.

Kuna jaribio jingine huhitaji kungoja Januari. Darini kuna buruji sita, kuanzia Ndoo hadi Kaa: Ndoo, Samaki, Kondoo (ambaye watu wengi Tanzania humwita Punda), Ng'ombe, Mapacha, Kaa. Ndilo anga la Mediterania la kuanzia Oktoba hadi Machi. Kati ya hao sita, Kaa ndiye anayechomoza mwisho, kwa hiyo yeye ndiye wa mashariki kabisa. Mtafute pale kituoni: yuko upande wa magharibi wa ukumbi.

Mbona hawajarekebisha? Nafasi kubwa ilipatikana miaka ya 1940 dari ilipochorwa upya, na wachoraji wakarudia mpangilio uleule. Kufikia ukarabati wa miaka ya 1990, kosa lilikuwa limekwisha kuwa sehemu ya historia ya jengo linalolindwa kisheria. Kuligeuza kungekuwa kuharibu, na sisi tunaona waliamua vyema.

Ni mchoro uleule wa 1913?

*Mheshimiwa Mhariri, mmeandika kwamba dari hii ina zaidi ya miaka mia moja. Rangi gani hiyo isiyobanduka muda wote huo? — Mwalimu mstaafu, Tanga*

Shikamoo Mwalimu. Umeshuku vizuri, na sisi tulikosea kuandika kwa haraka. Jengo ndilo la zaidi ya miaka mia. Mchoro unaoonekana leo ni wa pili, na wa kwanza bado uko nyuma yake, gizani.

Wazo la dari ya nyota lilitoka kwa msanifu majengo Whitney Warren pamoja na mchoraji Mfaransa Paul César Helleu, aliyejulikana zaidi kwa picha za mabibi wa kitajiri. Kazi yenyewe ilisimamiwa na James Monroe Hewlett na Charles Basing, waliokuwa na karakana ya uchoraji Brooklyn. Maumbo ya buruji yalifuata atlasi ya nyota ya Mjerumani Johann Bayer, *Uranometria*, ya mwaka 1603. Yalipakwa moja kwa moja juu ya plasta, kwa dhahabu. Nyota ni 2,500 hivi, na kama 60 kati yake zina taa. Zile tepe mbili pana za dhahabu zinazokata kuba si mapambo: moja ni ikweta ya anga, ya pili ni njia ya jua katikati ya buruji.

Kilichoua mchoro wa kwanza ni paa. Maji yalipenya kutoka juu, plasta ikalowa, ukungu ukaota, rangi ikapauka. Katika miaka ya 1920 tayari hali ilikuwa mbaya. Mtu wa rangi anajua kwamba ugonjwa wa namna hii hautibiwi upande wa chini. Plasta inayolowa na kukauka kila mwaka husukuma chumvi hadi juu ya uso wake, na chumvi hiyo ndiyo inayobandua rangi, iwe ya bei gani.

Mwaka 1944 kampuni ya reli haikuikarabati plasta. Iliifunika. Zilipigiliwa mbao za saruji iliyochanganywa na asbesto, za futi 8 kwa 4, kipimo kilekile unachokikuta leo kwenye plaiwudi dukani. Juu ya mbao hizo, chini ya usimamizi wa mchoraji Charles Gulbrandsen, anga lilichorwa tena hadi 1945. Maumbo yalirahisishwa: manyoya, misuli na vivuli vya mchoro wa awali vilipungua sana. Ukitazama kwa makini siku yenye mwanga wa pembeni, utaona maungio ya mbao yakikata ng'ombe na samaki kwa mistari iliyonyooka.

Ukarabati mkubwa uliomalizika kwa sherehe ya tarehe 1 Oktoba 1998 ulisafisha mchoro huu wa pili, haukuufufua ule wa kwanza. Kuzing'oa mbao kungemwaga vumbi la asbesto ukumbini, na nyuma yake mlikuwa na plasta iliyokwisha kuoza. Hilo liwe onyo hata kwetu, Mwalimu, maana shule nyingi kongwe bado zina mabati na dari za asbesto. Ikiwa imekaa salama, iache ilivyo na uipake rangi. Usiitoboe kwa keekee, usiipige msasa, usiivunje. Kuiondoa ni kazi ya wataalamu wenye vifaa vya kujikinga.

Uchafu ulikuwa wa sigara?

*Habari za kazi. Nilisoma kwamba dari ilipata weusi kwa sababu ya moshi wa sigara za abiria. Mimi naona ni treni za makaa. — Msomaji, Kisumu*

La treni liondoe kwanza, ndugu yetu. Grand Central ilijengwa kwa ajili ya treni za umeme. Injini za makaa zilikuwa zimekwisha kupigwa marufuku kwenye reli zinazoingia kituoni kabla ukumbi huu haujafunguliwa, kufuatia ajali ya mwaka 1902 ambapo moshi katika handaki ulimzuia dereva kuona taa.

La sigara ndilo maarufu, na limeandikwa mahali pengi kana kwamba limekwisha kuamuliwa. Lakini waliosafisha dari wenyewe, kampuni ya John Canning, walieleza kwamba vipimo vya uchafu vilionyesha zaidi hewa chafu ya mjini: moshi wa magari, masizi ya viwanda na ya tanuri za kuchomea taka za majumba ya kupanga. Tumbaku ilikuwepo, ila si yenyewe iliyobeba mzigo. Sisi tunawaamini walioshika kitambaa.

Walipomaliza waliacha kipande kidogo chenye umbo la mstatili bila kukisafisha, kwenye kona ya kaskazini-magharibi, karibu na Kaa. Ni cheusi tii, kama sakafu ya jiko la kuni, na watu wengi hudhani ni tundu. Kiliachwa ili kila mtu aone dari ilikuwaje.

Na lile tundu?

*Kuna tundu la kweli darini au ni hadithi? — Kijana wa sekondari, Mombasa*

Lipo, karibu na Samaki. Mwaka 1957 roketi ya kijeshi aina ya Redstone ilisimamishwa ukumbini kwa maonyesho, na dari ikatobolewa kupitisha waya wa kuishikilia. Utaambiwa iliwekwa kuwatuliza Wamarekani baada ya Warusi kurusha Sputnik, setilaiti ya kwanza. Hesabu tarehe: roketi ilisimamishwa Julai, Sputnik ikarushwa tarehe 4 Oktoba. Tundu halikuzibwa.

Nataka kuchora dari ya namna hiyo shuleni

*Wakubwa shikamooni. Mimi ni fundi rangi. Shule moja hapa kwetu imeniomba nichore anga la nyota kwenye dari ya maktaba, mita 8 kwa 5.5, kimo mita 3. Dari ni ya jipsamu, paa ni la bati. Nianzie wapi, na nifanyeje nisirudie kosa la Wamarekani? — Fundi, Morogoro*

Marahaba, fundi. Anzia juu ya dari, si chini. Panda na tochi ukatazame bati, hasa kwenye misumari na maungio. Ukiona alama za maji kwenye mbao au kwenye mgongo wa jipsamu, tengeneza paa kwanza, kisha ngoja mvua kubwa zipite ujiridhishe. Mkuu wa shule atalalamika kuhusu muda. Mwonyeshe barua ya Mwalimu hapo juu.

Jipsamu iliyokwisha kulowa na kulegea ibadilishe. Iliyo na doa tu lakini bado ngumu, ipake praima ya mafuta mahali pa doa. Ukipaka rangi ya maji peke yake, doa la kahawia litapenya na kujitokeza upya hata baada ya mikono mitatu. Maungio yazibwe kwa tepu na puti, yapigwe msasa hadi kiganja kisihisi ukingo. Kama kuna sehemu yenye plasta mpya ya saruji, ipe siku 28 ikauke.

Bluu iwe ya maji, isiyong'aa. Rangi inayong'aa huakisi dirisha na kuonyesha kila ungio. Eneo lako ni mita za mraba 44. Kwa lita moja kufunika mita 10 hivi, mikono miwili inakula karibu lita 9, nunua 10. Changanya zote katika ndoo moja kabla ya kuanza. Bluu ya kuchanganya mara ya pili haifanani na ya kwanza, na tofauti itakaa katikati ya anga.

Sasa ramani. Chagua anga la mahali penu, la usiku mmoja na saa moja maalumu, mfano mwisho wa Januari saa tatu na dakika ishirini, kisha lichapishe kwa kipimo cha 1 kwa 10: sentimita 80 kwa 55, inaenea kwenye karatasi ya A1. Pima mraba wa sentimita 5 kila upande. Utapata safu 16 kwa 11, yaani miraba 176. Darini kila mraba unakuwa sentimita 50. Piga mistari kwa uzi wenye unga wa chaki, si penseli: chaki inafutika kwa kitambaa kikavu, lakini penseli huonekana chini ya rangi nyepesi. Safu zipe herufi A hadi P na namba 1 hadi 11, karatasini na darini.

Hapa ndipo penye mtego. Kabla ya kuandika herufi hata moja, tumia dira ubandike kwenye kuta nne karatasi zilizoandikwa KASKAZINI, KUSINI, MASHARIKI, MAGHARIBI. Simama katikati ya chumba, inua ramani juu ya kichwa, uso wenye nyota ukikutazama wewe. Izungushe hadi kaskazini yake ielekee ukuta wa kaskazini. Kama mashariki ya ramani inaelekea ukuta wa mashariki, uko salama. Kisha ilaze sakafuni ujionee mwenyewe: ukilinganisha kaskazini, mashariki itakuwa imekwenda magharibi. Ndilo kosa la 1913. Kwa hiyo ramani isilale mezani wala sakafuni wakati wa kazi. Ibane kwenye ubao mwepesi, uining'inize chini ya jukwaa la juu au msaidizi aishike juu ya kichwa chake, na kila mraba uitwe kwa sauti kabla ya kuchorwa. Kama kuta za maktaba hazikukaa sawa na dira, usijali. Zungusha anga lote pamoja. Kuzungusha si kosa. Kosa ni kugeuza kama kwenye kioo, na vitu hivi viwili watu huvichanganya sana.

Usijitwishe nyota 2,500. Mia moja hadi mia moja na hamsini zinatosha. Zikizidi, mtoto hataliona kundi lolote. Tumia ukubwa wa aina tano: milimita 20 kwa Shira na wenzake, kisha 14, 10, 7 na 4. Usichore kwa brashi ya kubahatisha. Kata vijiti vya mviringo vya vipenyo hivyo, bandika sponji nyembamba kichwani, chovya, gusa mara moja. Anza na nyota kubwa, kisha shuka ukatazame kutoka sakafuni kabla ya kuendelea na ndogo. Nyota iliyokosea sentimita 3 haionekani na mtu, ila zile tatu za mkanda wa Jabari zikipinda hata kidogo kila mtu ataona, kwa hiyo hizo zipime kwa rula.

Maumbo yenyewe, ng'ombe, kaa na wengine, yachore kwanza kwenye karatasi kubwa ya ukubwa halisi. Toboa mistari kwa sindano kila baada ya sentimita moja, bandika karatasi darini kwa tepu ya karatasi, kisha pigapiga kwa kifurushi cha kitambaa chenye unga wa chaki. Unga utapita tunduni na kuacha nukta za kufuata. Angalizo moja: upande uliouchorea ndio uwe chini, ukikutazama. Ukibandika karatasi kwa upande wa pili, umemgeuza ng'ombe peke yake, na hapo utakuwa umetengeneza Jabari wako.

Rangi ya dhahabu ya kopo hutengenezwa kwa unga wa shaba au wa mchanganyiko wa shaba na zinki, na shaba huchacha: baada ya muda hugeuka kahawia au kijani, haraka zaidi penye unyevu. Ifunike kwa vanishi angavu, au tumia rangi ya manjano iliyokolea ambayo haina madini hayo. Dhahabu halisi ya majani haichachi, ila bei yake haitakubalika na kamati ya shule.

Wakikuomba taa, kubali chache, kumi au kumi na tano, za LED za volti 12. Grand Central walianza na balbu, wakahamia nyuzi za kupitisha mwanga katika ukarabati wa miaka ya 1990, na baadaye LED. Wao wana njia ya kupita juu ya kuba, na fundi hubadilisha taa bila kusimamisha abiria. Wewe huna njia hiyo, kwa hiyo kata mlango wa sentimita 60 kwa 60 kwenye kona ya dari kabla hujapaka bluu, uupake pamoja na dari, na transfoma iwekwe pale ambapo mkono unaifikia kutoka mlangoni.